Onyesha Mikono

Kila Jumanne, saa nne kasorobo, kabla sijamaliza
kupanga vitabu vilivyorudishwa jana,
Senga Lamond huingia na mwavuli unaochuruzika,
anapita magazeti, anapita kompyuta,
anahesabu nguzo za chuma kwa kidole,
saba, nane,
na kuketi chini ya nguzo ya tisa.
Hapo ndipo kilipokuwa kitanda chake cha mfumi.
Kitanda ambacho, anasema, hakuna aliyewahi kukilalia.

Dundee ilikuwa mji wa magunia.
Meli zilileta juti kutoka Bengali,
na humu, katika ghorofa hii niliyoajiriwa kuitunzia kimya,
mashine mia mbili zilinguruma kwa pamoja
hata wasichana wakaacha kutumia masikio.
Walisemezana kwa midomo na vidole.
Kwa midomo walimtukana mnyapara mbele ya uso wake.
Kwa midomo Senga aliposwa,
toka nguzo ya kumi na nne hadi nguzo ya tisa,
na fundi wa mikanda, Erchie Petrie,
akajibu hapana, bila sauti,
kisha wiki iliyofuata, ndiyo, kisha tena hapana.

"Jina langu ni Agnes lililosomwa kinyumenyume.
Mama alikuwa na shangazi watatu, wote Agnes.
Akachoka."

Wasanifu walipokuja na ramani zao
walikwangua sakafu majuma mawili.
Mafuta ya mashine yalikuwa yamezama ndani ya mbao,
wakakata tamaa, wakapaka vanishi juu yake.
Siku za joto, ambazo hapa ni nne kwa mwaka,
sakafu hutoka jasho
na vitabu vya rafu za chini hunukia kazi.

Ng'ambo ya barabara kuna jengo la mawe mekundu.
Juu ya mlango bado limechongwa neno MAKTABA.
Sasa ni hoteli.
Mjukuu wake alimpeleka huko siku alipotimiza themanini.
Chumba cha kusomea kimekuwa chumba cha staftahi,
wakamwekea yai la kuchemsha
pale pale alipowahi kusoma habari za mbwa wa barafuni.
Akaona rafu zimejaa, moyo ukamruka.
Akavuta kitabu. Hakikuvutika.
Akavuta cha pili.
Migongo mitupu, imegandishwa kwa gundi,
ngozi na dhahabu, na nyuma yake ukuta.
"Ni mapambo tu, bibi," alimsoma mhudumu midomoni.
"Hata mimi," akajibu. "Lakini mimi nafunguka."

Enzi zile ilikuwa hivi:
king'ora kikilia jioni anavuka barabara mbio,
vumbi la juti kwenye nyusi,
na nyuma ya meza amesimama mkutubi, Bwana Auchterlonie,
miwani puani, salamu hana,
ana maneno mawili: Onyesha mikono.
Viganja kwanza. Geuza. Kucha.
Kitabu kikishaingia doa, alisema, hakina dobi.
Mara mbili alimrudisha nyumbani.
Mara ya tatu alisugua kwa soda na mchanga hadi akachubuka,
akapewa kitabu, akalia njia nzima,
hajui ni kwa furaha au ni soda.

Leo ameleta mezani cha upelelezi, maandishi makubwa.
Anaulaza mwavuli chini.
Ananyoosha mikono yote miwili mbele yangu.
Nilipoanza kazi nilidhani anaomba kusaidiwa,
nikaishika, nikapigwa kofi la vidole.
Sasa najua.
Natazama viganja. Naashiria: geuza.
Natazama kucha, moja moja, bila haraka,
foleni nyuma yake na isubiri.
Kisha, kwa kuwa masikio yake aliyaacha katika ghorofa hii,
mwaka gani hakumbuki,
nasema kwa midomo tu:
safi.

Naye, kwa midomo tu,
huku akitabasamu kama mtu wa kanisani,
ananiambia lile neno
alilokuwa akimwambia mnyapara.